Uzamili Unaofika Darasa la Kwanza

Mwongozo huu ni wako ikiwa una shahada ya kwanza, unaishi Unguja au unakusudia kurudi Unguja, na unataka kusomesha skuli ya msingi. Pengine shahada yako ni ya uhasibu au ya utalii, na hujawahi kusomea ualimu hata siku moja. Pengine wewe ni mwalimu tayari, ulianza na stashahada, ukajiendeleza kazini, na sasa macho yako yako kwenye uzamili. Kwenu nyote nina hoja moja, na kila ushauri utakaofuata umetoka humo: masomo ya uzamili ya elimu yaliyopo nchini, kwa sehemu kubwa, yameelekea sekondari na uongozi. Anayetaka yamfikishe darasa la kwanza lazima ayaelekeze mwenyewe, na kazi hiyo huanza miezi kadhaa kabla ya kujaza fomu ya maombi. Ukingoja chuo kikufanyie, utamaliza na cheti kizuri, na bado hutajua umsaidie vipi mtoto wa miaka sita anayechanganya "b" na "d".

Mwelekeo huo una historia yake. Kwa miongo mingi mwalimu wa msingi wa Zanzibar aliandaliwa kwa cheti au stashahada, na shahada ikawa ya mwalimu wa sekondari. Chuo cha Ualimu cha Nkrumah pale Beit el Ras, kilichowatoa walimu wengi wa visiwa hivi, kiliingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA. Shahada za ualimu zilijengwa juu ya masomo mawili ya kufundishia, tuseme Historia na Kiswahili, au Kemia na Baiolojia. Muundo huo unamfaa anayefundisha kidato cha pili. Haumtoshi anayeshinda na watoto hamsini wale wale, akawafundisha kusoma, kuandika, kuhesabu na kukaa pamoja. Uzamili nao umesimama juu ya msingi huo. Stashahada ya uzamili ya elimu inachukulia kwamba unalo somo lako na unahitaji mbinu za kulifundisha. Shahada ya uzamili mara nyingi inazungumzia mipango, uongozi na mitaala. Haya yote yana manufaa, ila ni kanzu ya dukani: usipoipeleka kwa fundi akaipunguza, itaburura.

Cheti ni kimoja, usajili ni kingine

Katika majimbo mengi ya Marekani uzamili wa ualimu wa msingi umefungwa pamoja na leseni. Mwanafunzi anamaliza kozi, anafanya mazoezi ya kufundisha, anafaulu mitihani ya jimbo, kisha anapewa leseni inayotaja madarasa anayoruhusiwa kuyafundisha. Wengi wetu tumesoma habari hizo mtandaoni, au tumezisikia kwa jamaa walioko nje, tukadhani na hapa ni hivyo hivyo. Sivyo. Kwetu shughuli imegawanyika, na mgawanyo wenyewe umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Imetajwa katika Nyongeza ya Kwanza. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inaisimamia kozi ya Tunguu kama inavyoisimamia ya Dodoma, lakini suala la nani asimame mbele ya watoto wa Kisiwandui au wa Makunduchi liko mikononi mwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1982. Bara kuna utaratibu wao: mwaka 2018 Bunge lilitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na anayekusudia kuvuka kwenda kufundisha Dar es Salaam au Tanga asidhani karatasi za huku zitatosha bila ya kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, kaulize sehemu tatu. Chuoni, uliza ikiwa kozi ina ithibati ya TCU, ina wiki ngapi za mazoezi ya kufundisha, na kama mazoezi hayo unaweza kuyafanya skuli ya msingi. Wizarani, uliza mtu mwenye shahada kama yako pamoja na stashahada hiyo ya uzamili anasajiliwa kwa daraja gani, na kwa ngazi gani ya skuli. Kwa mwajiri, awe Serikali au skuli binafsi, uliza ikiwa muundo wa utumishi unalo fungu la mwalimu wa msingi mwenye elimu hiyo, au utahesabiwa wa sekondari upende usipende. Omba majibu kwa maandishi, na uyahifadhi. Maswali haya yanaonekana ya kiofisi tu, lakini ndiyo yanayoamua kama masomo yako yatakupeleka unakotaka. Na ikiwa shahada yako ya kwanza umeipata Muscat, London au Khartoum, ongeza hatua moja mbele ya zote: peleka vyeti TCU vitambuliwe, na ufanye hivyo mapema, kwa kuwa chuo hakiwezi kukupokea juu ya cheti kisichotambulika.

Njia mbili, usizichanganye

Kwa asiyewahi kusomea ualimu, njia ni stashahada ya uzamili ya elimu. Ndiyo inayomfanya mtu wa uhasibu awe mwalimu, maana ndani yake mna saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha, upimaji, na mazoezi ya darasani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo chake Unguja, kimekuwa kikiitoa kwa masafa, jambo linalomfaa aliye kazini. Kwa vyuo vya hapa hapa, angalia orodha ya kozi za mwaka husika za SUZA, za Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, na za Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, ambacho wengi bado wanakiita Chuo cha Elimu Chukwani. Orodha hubadilika, na kozi iliyofunguliwa mwaka jana si lazima ifunguliwe mwakani.

Kwa aliye mwalimu tayari, njia ni shahada ya uzamili ya elimu. Vyuo vingi nchini huomba wastani wa 2.7 katika kipimo cha 5 kwa ngazi hiyo, ilhali stashahada ya uzamili hukubali chini ya hapo. Kosa linalowapata wengi ni kuruka: mtu wa shahada ya biashara anajiandikisha uzamili wa uongozi wa elimu kwa kuwa jina lina uzito, akidhani neno "elimu" ndani ya cheti litamfanya mwalimu. Halimfanyi. Kozi isiyo na mazoezi ya kufundisha haikupi sifa ya kufundisha, hata ikiwa ngazi yake ni ya juu zaidi. Ukiwa katika hali hiyo, anza na stashahada ya uzamili, fundisha, kisha urudi kwa shahada ya uzamili ukiwa na swali ulilolitoa darasani.

Kabla ya fomu: mambo matatu ya kujifunza

La kwanza ni maarifa yenyewe ya skuli ya msingi. Mtu mwenye shahada huona aibu kufungua kitabu cha Hisabati cha darasa la tano, na aibu hiyo ina gharama. Tessa Bold na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa skuli za msingi katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Waliona kwamba walimu wengi hawakuyamudu vizuri maarifa ya madarasa wanayoyafundisha, na kwamba mtoto alipata kwa wastani kama saa 2 na dakika 50 za kufundishwa kwa siku, zaidi kidogo ya nusu ya muda uliopangwa. Hii si lawama kwa walimu. Ni taarifa kuhusu maandalizi waliyopewa. Kwako wewe inamaanisha kazi ya mezani: tafuta mihtasari na vitabu vinavyotolewa na Taasisi ya Elimu Zanzibar, tafuta karatasi za zamani za mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, na uzifanye zote kwa kalamu, sehemu na desimali na eneo la pembetatu, huku ukijiuliza kila mara: mtoto akikosea hapa, atakuwa amefikiri nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha kujua hesabu na kujua kufundisha hesabu.

La pili ni jinsi mtoto anavyojifunza kusoma. Kiswahili kina bahati ya tahajia nyoofu: herufi moja kwa sehemu kubwa ina sauti moja, na silabi nyingi huishia na irabu. Kwa hiyo kumfundisha mtoto "ba be bi bo bu" kunampa ufunguo wa maneno mengi haraka. Ugumu unakuja baadaye, kwenye "mb", "nd", "ng'", "nyw" na "mbw", ambako watoto wengi hukwama na mwalimu asiyejua sababu huona ni uzito wa kichwa. Unguja ina mambo yake pia. Watoto wetu wengi huanza chuo cha Kurani kabla ya skuli. Wameshaonyeshwa herufi za Kiarabu na wameshazoea kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Wapo wanaoingia darasa la kwanza wakianzia upande huo wa ukurasa. Mwalimu aliyejiandaa haoni hilo kuwa kasoro. Anaona mtoto anayejua tayari kwamba alama ina sauti, na anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba kuna maandishi ya namna mbili. Na ukipangiwa Makunduchi au Tumbatu, utawakuta watoto ambao Kiswahili cha nyumbani kwao si Kiunguja cha mjini kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kusahihisha kila neno lao kama kosa ni njia ya haraka ya kuwanyamazisha.

La tatu ni lugha ya kufundishia, na hapa Zanzibar ina ushahidi wake wenyewe. Sera ya Elimu ya 2006 ilipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na ikaagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Miaka ile ile mradi wa SPINE, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa Zanzibar, ulichunguza mitihani ya kidato cha pili. Maswali yaliulizwa kwa Kiingereza cha mtihani, kwa Kiingereza kilichorahisishwa, na kwa Kiswahili. Wapo wanafunzi walioacha nafasi tupu kwa Kiingereza ambao waliweza kueleza jambo lile lile lilipokuja kwa Kiswahili. Baadaye mtafiti Zehlia Babaci-Wilhite naye aliandika kwa kirefu juu ya mabadiliko hayo ya lugha katika skuli za Zanzibar. Yasome kabla ya kuomba chuo. Mwalimu wa msingi ndiye anayesimama pale mto wa Kiswahili unapokutana na Kiingereza, na asiyejua yaliyogunduliwa kwenye visiwa vyake atafundisha kwa kubahatisha. Muulize mwalimu mkuu wa skuli iliyo jirani muhtasari wa sasa unasema nini kuhusu lugha ya kila somo, kisha jipime: je, unaweza kueleza usanisinuru kwa Kiingereza chepesi, ukarudi kwenye Kiswahili mtoto anapopotea, ukamrejesha tena?

Huwezi kujifunza haya matatu kwa vitabu peke yake. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu ukae nyuma ya darasa, si siku moja bali muhula mzima, mara moja au mbili kwa wiki. Zipo skuli za mjini zenye mikondo miwili, asubuhi na jioni, kwa hiyo hata mfanyakazi wa ofisi anaweza kupata nafasi. Angalia maandalio ya somo, azimio la kazi, na jinsi mwalimu mwenye watoto wengi anavyoligawa darasa. Tembelea Kituo cha Walimu kilicho karibu nawe, Bububu, Dunga, Mkwajuni au Kitogani, ujue walimu hukutana lini kujadili masomo. Chuo hakikuombi uyafanye haya, na kwa sababu hiyo hiyo atakayeyafanya ataingia darasa la uzamili akiwa mbele ya wenzake.

Hoja za kupinga, na majibu yake

Hoja ya kwanza ni ya kitaalamu na ina nguvu: uzamili hausaidii kitu. Steven Rivkin, Eric Hanushek na John Kain, waliochambua takwimu za skuli za Texas na kuchapisha matokeo mwaka 2005, hawakuona ushahidi kwamba wanafunzi wa walimu wenye shahada ya uzamili hujifunza zaidi. Sioni sababu ya kulikwepa jambo hilo. Lakini tazama kilichopimwa: kuwa na shahada ya uzamili kwa jumla, iwe ya nini, iwe imesomwa kwa ajili ya nini. Mahali ambapo mwalimu hupandishwa mshahara kwa karatasi yoyote ya uzamili, wengi huchukua iliyo rahisi. Finland ilifanya kinyume chake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mwalimu wa darasa la msingi huko anatakiwa awe na shahada ya uzamili, lakini shahada hiyo imeundwa kwa ajili ya darasa la msingi, ina utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, na mazoezi yake hufanyika katika skuli zilizo chini ya vyuo vikuu. Matokeo ya Texas basi hayaipingi hoja ya mwongozo huu, yanaithibitisha. Uzamili usioelekezwa darasani haufiki darasani.

Hoja ya pili utaisikia nyumbani: mtu na uzamili wake, akafundishe watoto wadogo? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo elimu ya mwalimu wake inavyoweza kuwa ndogo. Kanda yetu imeanza kuikataa imani hiyo kwa vitendo. Kenya iliachana na cheti cha ualimu wa msingi cha P1, na mwaka 2021 ikawapokea walimu-wanafunzi wa kwanza wa stashahada ya elimu ya msingi. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya 2019 imekwenda mbali zaidi, ikataka shahada kuwa kiwango cha chini hata kwa mwalimu wa msingi. Anayejiandaa leo kwa elimu ya juu ya ualimu wa msingi anatembea kuelekea mahali ambapo fani nzima inaelekea. Na mtoto asiyejua kusoma kufikia darasa la tatu hatasaidiwa na mwalimu bingwa wa kidato cha nne, kwa kuwa huenda asifike huko.

Hoja ya tatu ni ya kweli kuliko zote: ukishapata uzamili, mfumo wenyewe utakuondoa darasani. Utahitajika sekondari, au utapewa ofisi. Jibu langu halina uhakika wa asilimia mia, ila lina busara ya kujikinga. Kwanza, yale maswali ya chuo, Wizara na mwajiri, hasa la muundo wa utumishi, yaulize kabla, ili usishangae baadaye. Pili, chagua mada ya utafiti inayokufunga na skuli ya msingi. Tasnifu ya kusoma na kuandika kwa darasa la pili haimshawishi mtu kukupeleka kufundisha Jiografia kidato cha tatu. Tatu, hata ukihamishwa kuwa mkaguzi, mshauri wa masomo kwenye Kituo cha Walimu au mkufunzi wa chuo, utakwenda na ujuzi wa darasa la msingi mahali unapokosekana. Hasara ni ya kupoteza mwalimu mmoja. Faida ni ya kupata mkaguzi anayejua anachokikagua.

Hoja ya nne inasema kazi hii hufundishwa na kazi yenyewe, na walimu wakongwe ndio chuo. Nakubali nusu. Mwalimu wa miaka ishirini anajua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyaeleza, na ndiyo maana nimesisitiza muhula wa kukaa nyuma ya darasa. Lakini uzoefu peke yake hurithisha pia mazoea mabaya, kama kuimbisha darasa zima ukurasa ambao nusu ya watoto wameukariri bila ya kuusoma. Masomo ya uzamili yanakupa kipimo cha kuutofautisha ujuzi na mazoea. Uzoefu unakuonyesha kwamba mtoto ameshindwa, na masomo yanakusaidia kutafuta amekwama silabi gani.

Maombi, fedha na muda

Ukishayafanya hayo, maombi yanakuwa mepesi. Kusanya cheti na taarifa ya matokeo ya shahada, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na nakala zithibitishwe na mwanasheria. Wadhamini wako wawe mmoja aliyekufundisha chuoni na mmoja aliyekuona darasani au kazini. Barua ya mkubwa asiyekujua haisemi kitu. Katika barua ya maombi usiandike kwamba unawapenda watoto. Andika tatizo uliloliona: kwamba katika darasa ulilolihudhuria watoto walisoma silabi wazi lakini wakakwama kwenye "mbw", kwamba mwalimu wa Sayansi alihamia Kiswahili kila alipofika kwenye hoja muhimu, na kwamba unataka kujua la kufanya. Barua ya aina hiyo inamwonyesha msomaji wake mtu aliyekwisha kuanza kazi.

Fedha zipangwe kabla ya barua ya kukubaliwa kufika. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ndiyo mlango wa kwanza wa kuugonga. Angalia tangazo la mwaka wako linasema nini kuhusu ngazi ya uzamili na fani zinazopewa kipaumbele. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi na ajue masharti ya kurudi kazini. Hesabu pia gharama zisizoandikwa popote: nauli, uchapaji, vifurushi vya intaneti, na zana za kufundishia utakazozitengeneza mwenyewe wakati wa mazoezi. Kutoka Darajani hadi Beit el Ras ni safari fupi ya daladala la Bububu. Tunguu ni mbali zaidi, na kwa anayekaa Nungwi au Mkokotoni tofauti hiyo inaweza kuamua kama asome chuoni au kwa masafa. Mwalimu aliye katika mkondo wa asubuhi ana mchana wake. Aliye wa jioni ana asubuhi. Panga ratiba yako juu ya mkondo huo, na kumbuka Ramadhani itaangukia muhula gani, kwa sababu kazi za chuo hazipungui na usiku wa mwezi huo una shughuli zake.

Kuhusu utafiti, tayarisha swali dogo kabla hujafika. "Changamoto za elimu ya msingi Zanzibar" si swali. Ni kichwa cha habari. Swali ni kama hili: watoto wa darasa la pili katika skuli mbili za Wilaya ya Kati husoma vipi maneno yenye konsonanti tatu, na mbinu gani ya mwezi mmoja inabadilisha jambo hilo? Kazi ya namna hiyo inawezekana kwa muda ulionao, na jibu lake utalitumia Jumatatu inayofuata. Utahitaji kibali cha utafiti cha Serikali na barua ya Wizara ya kuingia skuli, basi vitengee muda. Ukitaka kujua tatizo lilivyotazamwa zamani, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina ripoti za Idara ya Elimu za wakati wa ukoloni, na utashangaa ni malalamiko mangapi ya leo yalikwisha kuandikwa humo.

Ukiwa ndani

Kuanzia wiki ya kwanza, kila kazi ya chuo igeuze iangalie darasa la msingi. Mhadhiri wa saikolojia akitaka insha juu ya nadharia ya Piaget, andika kuhusu mtoto wa darasa la kwanza anayehesabu kwa kokoto. Somo la upimaji likitaka mfano wa mtihani, tengeneza jaribio la kusoma la dakika tatu kwa mtoto mmoja mmoja. Somo la uongozi likizungumzia mipango, andika jinsi skuli yenye mikondo miwili inavyoweza kuokoa dakika zinazopotea kila siku baina ya kengele na somo. Wahadhiri wachache watakataa. Wengi watafurahi kupata kazi isiyofanana na nyingine. Ukifika wakati wa mazoezi ya kufundisha, omba skuli ya msingi, na uombe darasa la kwanza au la pili, hata ukiambiwa ni rahisi zaidi kupangiwa sekondari. Wiki hizo hazirudi, na ndizo mwajiri na Wizara watakazoziuliza.

Weka jalada moja tangu mwanzo: maandalio yako yenye masahihisho, kazi za watoto kabla na baada bila ya majina yao, maoni ya mwalimu aliyekusimamia, na ukurasa mmoja kwa kila somo lililokwenda vibaya ukieleza kwa nini. Siku utakayoomba usajili na kazi, cheti kitasema umesoma nini, na jalada litasema unaweza kufanya nini. Ikiwa mwishoni mwa masomo unaweza kumchukua mtoto asiyesoma, ukatambua ndani ya robo saa anakwama wapi, na ukajua la kufanya naye wiki nzima ijayo, basi uzamili wako umefika ulikokusudia. Ikiwa huwezi, usikimbilie cheti kingine cha juu zaidi. Rudi kwanza kwenye kiti cha nyuma ya darasa.